Maruhubi hakuwa Sultani

Najua nimepotea karibu wiki tatu na kuna watu mmeshaanza kusema nimedisko. Sijadisko. Kulikuwa na testi mbili mfululizo, bumu limechelewa kama kawaida yake, na katikati ya hayo idara ikatupeleka Zanzibar siku tatu kuangalia magofu. Mlioniomba picha za Forodhani na urojo mtanisamehe, picha nyingi nilizorudi nazo ni za nguzo. Leo nataka niongelee gofu moja tu, kwa sababu tangu nirudi linanisumbua kichwani, na sababu mtaiona mbele kidogo.

Ukitoka mjini unapanda daladala ya 502 inayokwenda Bububu. Kama kilomita nne tu kutoka mjini, upande wa kushoto kuelekea baharini, kondakta anaita "Maruhubi!" Unashuka, unaingia kwenye miembe mikubwa, halafu unakutana na nguzo. Nguzo nene za mawe na chokaa, zimejipanga mistari kwa mistari, juu hakuna kitu. Zamani zilibeba roshani na vyumba vya mbao. Pembeni kuna hamamu, yaani majengo ya kuogea ya mtindo wa Kiajemi, yenyewe bado yana kuta na sehemu za paa. Mifereji ya maji bado unaiona, na kuna birika kubwa ambalo sasa limeota mayungiyungi.

Jumba hili alilijenga Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Ujenzi ulikamilika 1882. Waongozaji wa watalii watakwambia kwamba aliwaweka hapo mke mmoja na masuria 99. Mimi hesabu zinazoishia na 99 huwa naziangalia kwa jicho la pembeni, lakini kwamba lilikuwa jumba la wanawake wake hilo halina ubishi. Barghash alifariki 1888, kwa hiyo alilitumia miaka sita tu. Mwaka 1899 likaungua. Mbao zote zikaenda, na marumaru za hamamu inasemekana watu walizichomoa wakaondoka nazo. Kilichobaki ndicho hicho tulichokiona: mawe ambayo moto ulishindwa na wezi wakaona mazito.

Kuna kitu kingine kuhusu ukuta. Jumba lilizungushiwa ukuta mkubwa wa mawe, na inasimuliwa kwamba Barghash alipata wazo hilo Uingereza. Alikwenda huko 1875, akaonana na Malkia Victoria pale Windsor, akatembezwa na kuona mashamba ya matajiri yalivyozungushiwa kuta. Ndiyo miaka ambayo matajiri wa kule walikuwa na homa ya kujenga majumba mapya yanayofanana na ngome za zamani, yenye minara na vidirisha vyembamba kana kwamba kuna adui anakuja kesho. Victoria mwenyewe na mumewe walishajenga la kwao Balmoral, Scotland, likamalizika 1856. Kwa hiyo kama simulizi ni ya kweli, Sultani wa Zanzibar aliiga kwa Waingereza ukuta, na Waingereza nao walikuwa wanawaiga mababu zao. Baadhi ya majumba yale ya Scotland nayo leo ni magofu. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Sasa twende kwenye jina, maana ndilo lililonileta hapa.

Maruhubi ni nani? Mimi kabla ya safari nilidhani ni neno la Kiarabu lenye maana ya starehe, au bustani, kitu kama hicho. Kumbe ni jina la ukoo. Al-Marhubi ni ukoo wa Kiomani, na Mwarabu mmoja wa ukoo huo ndiye aliyekuwa na shamba lile kabla Barghash hajalichukua. Waswahili wakaingiza irabu mahali pake ili ulimi upite vizuri, Marhubi akawa Maruhubi, na wengine wanaandika Marahubi. Mwenye shamba akaondoka. Sultani akaja na mafundi, akajenga, akaleta maji, akajenga ukuta, akaleta wake. Watu wakaendelea kusema Maruhubi. Sultani akafa. Jumba likaungua. Watu wakaendelea kusema Maruhubi. Leo kondakta wa 502 anamtaja mwenye shamba mara mia kwa siku na hajui kama anamtaja mtu.

Nilimuuliza mwalimu wetu pale pale: kwa nini pasiitwe kwa Barghash? Mtu ametoa hela zake zote hizo! Mwalimu akanirudishia swali kama kawaida ya walimu wa historia: "Hebu hesabu, Barghash alikuwa na nyumba ngapi?"

Nikahesabu. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu pale mjini (alilijenga yeye, 1883, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020). Chukwani. Mtoni aliyorithi kutoka kwa baba yake. Na mengineyo. Ukimwambia mbeba mizigo wa miaka hiyo "peleka hii nyumbani kwa Sultani" atakuuliza nyumba gani. Jina la Barghash lilikuwa kubwa mno, halikuweza kuonyesha mahali pamoja. Al-Marhubi alikuwa mmoja upande ule wa pwani. Jina lake likafanya kazi.

Jamani, hili lilinigonga. Sisi huwa tunafikiri mahali panaitwa kwa jina la mkubwa, au la mwenyewe, au la aliyejenga. Mara nyingi panaitwa kwa jina la yule anayetofautisha. Wala si heshima, ni anwani tu.

Angalia na majirani. Mbele kidogo ya Maruhubi kuna Mtoni, kasri la Sayyid Said, baba yake Barghash, la zamani kuliko yote ya masultani kisiwani. Pale ndipo alipozaliwa Salme mwaka 1844, binti yule aliyetoroka 1866 akaolewa na Mjerumani wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Anaeleza watu kama elfu moja waliokuwa wanaishi kwenye majengo yale. Watu elfu moja, mfalme anayetawala Omani na Zanzibar, na jina ni nini? Mtoni. Kwa sababu kuna mto unapita. Mfalme kashindwa na kijito!

Na Bububu mwisho wa njia je? Mtu yeyote mjini atakwambia jina limetokana na sauti ya treni, bu-bu-bu, maana kweli kulikuwa na reli ya kutoka mjini hadi Bububu iliyoanza 1905. Hadithi tamu, hata mimi niliipenda. Tatizo ni kwamba Salme anaitaja Bububu kwenye kitabu chake cha 1886, aliwahi kukaa huko, karibu miaka ishirini kabla reli haijafika. Wengine wanasema ni sauti ya maji ya chemchemi, na hiyo angalau inaingia akilini. Nimeweka mfano huu makusudi: jina linakumbuka, lakini watu wanaolieleza wanaweza wakawa wanalitungia. Ukitaka kulitumia jina kama ushahidi lazima utafute tarehe.

Ushahidi. Haya, sasa niwaambie kwa nini silali.

Wengi mnajua natokea Biharamulo, kata ya Bisibo. (Wale mnaoniuliza kila siku kama ni Ngara: siyo Ngara, Ngara ni jirani zetu, mkiendelea nitaanza na mimi kusema Kinondoni ni Kibaha.) Nyumbani tunakoishi, pale baba alipojenga na sisi wote tukazaliwa, panaitwa kwa Karani. Ukishuka barabarani ukamwambia mtu wa bodaboda jina la baba yangu atakuuliza yupi. Ukisema kwa Karani anakufikisha mlangoni. Karani mwenyewe alikuwa karani wa mizani ya pamba, mtu wa kuja, alitokea upande wa Bukoba, akaishi pale miaka kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 akahama, akamuuzia babu shamba na kibanda chake. Babu alilipa ng'ombe wawili na fedha juu, mbele ya mashahidi watatu, na ikaandikwa kwenye karatasi ya daftari. Kibanda cha karani kilishaanguka, yamebaki mawe ya msingi na mparachichi.

Mwaka huu wamekuja wajukuu wa karani. Watu wazima, wamevaa vizuri, wameshika faili. Wanasema babu yao hakuuza, aliacha tu kwa uangalizi. Na hoja yao kubwa, wadau, ni jina. Walisimama uani kwetu wakamwita mtoto wa jirani wa miaka saba wakamuuliza: "Hapa panaitwaje?" Mtoto akajibu bila wasiwasi: "Kwa Karani." Wakamgeukia baba: "Mzee umesikia? Hata watoto wanajua."

Mama alinisimulia kwenye simu na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Karatasi ipo, ila mchwa wamekula kona yenye sahihi mbili. Mashahidi wawili walishatangulia mbele ya haki. Wa tatu yupo hai na macho hayaoni vizuri.

Mnaona sasa nilikuwa nasimama kwenye nguzo za Maruhubi nafikiria nini.

Nilipofika tu Dar nikampigia baba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia baba, nina hoja. Nikamweleza yote, Barghash, al-Marhubi, kondakta wa daladala. Nikamwambia kwetu mlima mzima ni ukoo wetu. Baba mkubwa yupo juu, baba mdogo yupo bondeni, shangazi amejenga kando ya njia. Wangesema kwa fulani wa ukoo wetu wangefika wapi? Karani alikuwa mgeni peke yake, ndiyo maana jina lake likashika. Jina linathibitisha kwamba alikaa pale na kwamba alikuwa tofauti na wengine. Halithibitishi kwamba ardhi ni yake leo, kama vile hakuna mtu wa ukoo wa al-Marhubi anayeweza kusimama mbele ya zile nguzo akasema nipeni funguo kwa sababu kondakta ametaja jina langu.

Baba alinyamaza kidogo. Halafu akauliza: "Huyo Sultani wako alikuwa na askari?"

Nikasema alikuwa nao.

"Basi. Mimi sina."

Teh teh teh. Nilicheka, ila si sana.

Mshikaji wangu mmoja anayesoma sheria, tunayekaa naye chumba kimoja, amenisaidia kwa upande wa pili. Anasema siku hizi baraza la kata linasuluhisha tu, tangu sheria ilipobadilishwa 2021 halina tena mamlaka ya kutoa hukumu, kwa hiyo wasipokubaliana shauri linapanda baraza la wilaya. Anasema pia madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na sisi tumelima pale zaidi ya miaka arobaini bila mtu kuuliza. Ila hapo hapo akaniharibia: wakifanikiwa kusema tulikuwa waangalizi tu, tumekaa kwa ruhusa ya mwenyewe, hesabu ya miaka inabadilika. Kwa hiyo mwisho wa siku kila kitu kinarudi kwenye swali lile lile, waliuziana au hawakuuziana. Na hapo ndipo jina linapotumika kuwatia watu mashaka.

Baba ameshapata wazo lake. Anataka kuchonga kibao na kuandika jina lake, akisimike barabarani, na amewaambia watoto wote wa jirani kwamba kuanzia sasa atakayesema kwa Karani asije kuokota maparachichi. Mimi nimempinga kwa heshima zote. Kwanza hataweza. Serikali zenyewe hubadilisha majina ya barabara na watu wakaendelea na ya zamani. Pili, kibao kipya kilichosimikwa wiki mbili kabla ya baraza kitaonekana kama cha mtu mwenye wasiwasi. Halafu, na hili sikumwambia baba, mimi jina lile nalipenda. Nimelikuta. Karani alikuwa mtu, alipima pamba ya wazee wetu, alipanda mparachichi ambao umenilisha. Sioni kwa nini tumfute ndiyo tuonekane tumenunua.

Na sisi watu wa Biharamulo tungejua zaidi habari ya kupotezewa jina. Nchi yetu ni Rusubi. Mwaka 1861 walipita Speke na Grant (huyu Grant kwao Nairn, Scotland, kule kule kwenye majumba ya minara), wakicheleweshwa na mtawala wetu aliyetaka hongo yake kwanza, na alikuwa na haki. Wakaandika Usui. Wasafiri wa msafara walivyotamka ndivyo wazungu walivyoandika, na Usui ikaingia kwenye ramani. Wakaja Wajerumani wakajenga boma la kuta nene pale Biharamulo mjini, Wabelgiji wakaliteka Juni 1916, wakakaa nchi ile mpaka 1921 wakawaachia Waingereza. Serikali tatu. Leo nani anataja jina la afisa aliyejenga? Watu wanasema "naenda bomani". Na mwaka 2019 Pori la Akiba la Biharamulo liliunganishwa na ya jirani kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na sisi tukapotea kwenye kibao kabisa. Sijui kama kuna mtu aliyeandamana. Sisi ni wapole mno.

Kilichonipa matumaini ni bibi, mama yake baba. Juzi mama alimpa simu. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, umekula? Tukaongea. Nikamuuliza, bibi, kabla ya Karani hapo paliitwaje? Akashangaa kwa nini hakuna aliyewahi kumuuliza. Akataja jina la Kisubi, lenye maana ya mahali fulani penye kitu fulani, na kitu hicho bado kipo, ukienda leo utakikuta. Akasema karani alipokuja alimkuta baba yake babu, na ndiye aliyemgawia pa kujenga. Maana yake ardhi ilikuwa yetu kabla hata hajaja, tukampa, halafu tukainunua tena kwake. Ng'ombe wawili kwa shamba la kwetu wenyewe! Bibi anacheka akisimulia. Anasema babu alijua, lakini alisema mtu amepanda mti, huwezi kumfukuza mikono mitupu.

Jina lenyewe sitaliandika hapa mpaka shauri liishe, maana intaneti haina mlango na wale wajukuu wanasoma kama sisi. Nimemwambia mama amtafute yule shahidi wa tatu, amuulize jina la zamani bila kumdokeza. Akilitaja lile lile alilotaja bibi, atakuwa amekumbuka kitu ambacho wageni hawana njia ya kukijua, na itabidi waeleze babu yao aligawiwa na nani.

Baraza limepangwa Alhamisi ijayo. Naondoka Jumanne alfajiri, stendi ya Magufuli, Mbezi. Baba ameniagiza nimprintie picha mbili za nguzo za Maruhubi, kubwa, za rangi. Kibao amekiacha kwanza, kipo kwa fundi, kimepigwa rangi nyeupe na hakijaandikwa kitu. Mwenye desa la wiki hiyo anitunzie, na atakayesaini mahudhurio kwa niaba yangu nitamletea senene.